Simamisheni Mbio, Watu Wako Majini

Nimechoka.

Nimechoka na fulana zilizoandikwa huruma mgongoni. Nimechoka na mahema meupe, na vipaza sauti vya alfajiri, na wasemaji wa kutupigisha makofi, huku bonde la pili watu wanakomba maji ndani ya nyumba kwa sufuria. Nimechoka zaidi na lile jibu linalotolewa kila mto ukivunja kingo: mbio za hisani haziwezi kusimama sasa, maandalizi yamefika mbali.

Haziwezi kusimama? Kwa amri ya nani?

Mwaka 2024 masika yaliiangukia nchi yetu ya Kenya kwa nguvu ambayo hatujaisahau. Shule zilikuwa zifunguliwe tarehe 29 Aprili. Alfajiri ya siku hiyohiyo maji yakashuka Mai Mahiu yakaua makumi ya watu, wengi wao wakiwa usingizini. Ufunguzi ukasogezwa wiki moja, ukasogezwa tena, hata watoto wakarudi darasani tarehe 13 Mei. Tarehe 10 Mei ikatangazwa siku ya mapumziko nchi nzima, watu waomboleze na wapande miti.

Shule ilisimama. Ofisi ilisimama. Mvuvi alisimama. Ila mbio za kilomita 10, za watu waliokuja na viatu vipya na miwani ya jua, hizo ndizo zisizoweza kusimama?

Ngoja nikukumbushe habari ya mvuvi, maana ndiyo inayonichoma kuliko zote.

Mwanzoni mwa Mei 2024 kimbunga Hidaya kilikuwa kikija upande wetu. Idara ya Hali ya Hewa ikaonya: upepo mkali, mawimbi ya kupita mita 2. Wavuvi wakatakiwa wasitie vyombo majini. Watu wakatakiwa wakae mbali na fuo. Hidaya kikaenda kutua kisiwani Mafia, Tanzania, tarehe 4 Mei, kikapoa. Sisi tukamshukuru Mungu tukaendelea na mambo yetu.

Lakini mvuvi, je? Mvuvi hana bima ya siku ya dhoruba. Hana mdhamini wa kumwekea nembo kwenye tanga. Asipoingia baharini asubuhi, jioni chungu hakipandi mekoni. Hata hivyo aliambiwa simama, akasimama. Hakusema ameshanunua mafuta ya mashine. Hakusema wateja wake wanamngoja. Nani alimlipa zile siku? Nenda Gazi, hapa kwetu kaunti ya Kwale, ukaulize. Nenda Msambweni ukaulize. Nenda Shimoni ukaulize.

Sasa nijibu. Ikiwa mtu anayekula alichovua leo anaweza kusimama, kwa nini mtu mwenye benki na hoteli na kampuni nyuma yake ashindwe?

Watakwambia Diani, zinakokimbiwa mbio, jua linawaka. Na kweli, mara nyingi jua linawaka. Hiyo ndiyo hatari yenyewe. Kwale hii haifuriki yote siku moja. Mto Umba unatoka milima ya Usambara, ng'ambo ya mpaka, unakuja kumwaga maji yake Vanga. Mvua inawanyeshea watu wengine kabisa, na mafuriko yanawakuta watu wa Vanga hawajaona hata wingu. Mto Ramisi nao unazoa maji ya bara ya kaunti na kuyashusha hadi baharini. Vuli ya 2023, wakati wa El Niño, tuliona kwenye simu zetu gari likisombwa pale daraja la Mwachande. Siku kama hiyo, kwenye barabara ya ufukweni Diani, mtu anaweza kukaa kivulini akanywa dafu lake bila kujua lolote.

Kwa hiyo usinitajie jua. Nitajie Vanga wamelala wapi. Nitajie Lunga Lunga wamekula nini. Nitajie mama wa hapa Bongwe, ambaye choo chake cha shimo kimejaa na kisima kiko hatua chache tu kando, atachota wapi maji ya kumpa mtoto.

Wengi wetu tunadhani mbio za hisani ni watu kukimbia tu, hawamdhuru mtu, waacheni wakimbie. Tunajidanganya. Mbio hazipiti bure. Mbio zinakula.

Zinakula ambulensi. Lazima ziwepo njiani, zimewashwa, zikingoja mkimbiaji atakayebanwa na misuli. Siku hiyohiyo mama mjamzito wa Mivumoni anahitaji gari la kumfikisha hospitali ya Msambweni, na barabara yake imekatika.

Zinakula polisi. Wanasimama kwenye kona kuzuia tuktuk na bodaboda, siku ambayo wangekuwa kwenye madaraja wakizuia watu wasijaribu kuvuka maji.

Zinakula barabara. Zinafungwa tangu alfajiri, na lori la chakula cha msaada lipitie wapi?

Zinakula maji ya chupa. Zinakula mahema. Zinakula jenereta na vyoo vya kubebeka. Zinakula vijana wa kujitolea, wale wenye nguvu ya kubeba mzee mgongoni na kumtoa kwenye tope, ambao sasa wamepangwa mstari wakigawa vipande vya machungwa.

Tazama orodha hiyo tena. Maji safi, mahema, vyoo, jenereta, ambulensi, vijana wenye nguvu. Kila anachokihitaji mtu aliyefurikiwa kimeshakodiwa, kimeshalipiwa, kiko pale kimepangwa vizuri. Kwa ajili ya nani?

Na baada ya maji, ndugu yangu, unajua kinachofuata. Kinafuata kipindupindu. Kinafuata malaria. Mihogo inaoza ardhini kabla haijakomaa. Mbuzi wamekwenda na maji. Daftari za watoto zimekuwa uji. Vyoo vimemwagika visimani, na sisi wa pande hizi tunaishi kwa visima. Hapo ndipo chupa moja ya maji inapopata thamani yake ya kweli. Mkimbiaji anaipiga funda mbili na kuitupa kando ya njia. Mtoto wa kambini angeishi nayo siku nzima.

Usidhani haya nayazua mimi. Mji mkubwa kuliko yote Marekani ulipita njia hii, dunia nzima ikitazama.

Tarehe 29 Oktoba 2012 kimbunga Sandy kiliipiga New York. Mbio za marathoni za mji huo, ambazo maelfu ya watu hukimbia wakichangisha fedha za hisani, zilikuwa zifanyike Jumapili ya tarehe 4 Novemba. Zinaanzia Staten Island. Na Staten Island ndiko watu zaidi ya 20 walikokufa, ndiko nyumba zilikong'olewa, ndiko watu walikokuwa gizani kwenye baridi bila umeme.

Meya Michael Bloomberg akasema mbio zitaendelea. Zitaupa mji moyo, akasema. Zitaleta fedha. Si maneno hayohayo tunayolishwa hapa?

Halafu watu wakaona majenereta. Yalikuwa yamewekwa Central Park, tayari kutia umeme mahema ya mbio, huku mitaa mizima haina hata taa moja. Gazeti likaiweka picha ukurasa wa mbele. Watu wa New York hawakunyamaza. Walipiga kelele. Walipiga simu. Walimwambia meya waziwazi kwamba sherehe haiwezi kuanzishwa mahali ambapo miili bado inatafutwa. Ijumaa jioni, siku mbili kabla, meya akasalimu amri. Mbio zikafutwa.

Sikiliza sasa kilichofanyika Jumapili ile. Mamia ya wakimbiaji, walewale waliokuwa wamejiandaa mwaka mzima, walipanda feri kwenda Staten Island wakiwa na mikoba mgongoni. Ndani mlikuwa na blanketi, betri, chakula, maji. Wakakimbia mtaa kwa mtaa, nyumba kwa nyumba, wakigawa. Wakashika makoleo wakazoa tope kwenye nyumba za watu wasiowajua.

Hiyo ndiyo hisani. Miguu ileile, siku ileile, jasho lilelile. Tofauti ni kwamba walielekezwa kwa wenye shida.

Na wale waliodai kwamba ukifuta mbio mwaka mmoja umeziua? Mwaka uliofuata, 2013, New York ilikimbia tena, na zaidi ya watu 50,000 wakamaliza. Washindi walikuwa wetu, Geoffrey Mutai kwa wanaume na Priscah Jeptoo kwa wanawake. Japani nako, tetemeko la tarehe 11 Machi 2011 lilipoleta tsunami, marathoni ya wanawake ya Nagoya iliyokuwa ifanyike siku mbili baadaye ikafutwa. Mwaka 2012 ikarudi, kubwa kuliko ilivyokuwa. Hakuna mbio zilizokufa kwa sababu ya kuwa na adabu.

Tena adabu hii hatukuhitaji kuipata New York. Tunayo kwetu. Nani hajui kwamba ukiwa na harusi na jirani akafiwa, ngoma inanyamaza? Hata kama ng'ombe ameshachinjwa. Hata kama wageni wamefika kutoka Tanga na Mombasa. Nikaha itasomwa kwa utulivu, wali uliopikwa utapelekwa msibani, na wanawake waliokuja kuimba watakaa mkekani na wafiwa. Hakuna anayeuliza nani atatulipa gharama ya ngoma. Atakayeuliza, hana wa kumzika siku yake ikifika.

Wazee wetu hawakuandika sheria hiyo popote, na hakuna aliyethubutu kuivunja. Leo tuna sheria, tuna kaunti, tuna vibali na mihuri, na tunakubali ngoma ilie juu ya kaburi bichi. Tumekuwa watu gani?

Wenye mbio wana hoja zao. Wacha nizichukue moja moja.

Ya kwanza: mbio zikisimama, wale wagonjwa au wanafunzi tuliokuwa tukiwachangia watakosa. Uongo. Ada ya kujisajili imeshalipwa. Mdhamini ameshatoa. Fedha haziingii kwenye akaunti kwa sababu mtu ametoka jasho. Zimeingia kwa sababu mtu ametoa. Mwaka 2011 njaa ilipobana kaskazini, Wakenya tulichangishana katika Kenyans for Kenya. Safaricom Foundation, benki ya KCB, vyombo vya habari na Shirika la Msalaba Mwekundu walilenga shilingi milioni 500. Watu wakatuma walichonacho kwa simu, hata sarafu za mboga, na lengo likapitwa. Nani alikimbia? Nani alipewa medali? Mkono wa Mkenya hauhitaji kipaza sauti ili ufunguke. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na dhiki haingojei filimbi.

Ya pili: tumeshalipia kila kitu, na maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Methali ni nzuri. Msemaji wake ndiye mbaya. Walioyaoga maji ni watu wa Vanga, na hawakuyavulia nguo, yaliwakuta kitandani. Kama umeshalipia mahema, vizuri sana, yapeleke kambini. Kama umeshalipia maji, hayo ndiyo yanayotakiwa. Kilicholipiwa hakipotei kwa kubadilisha mahali kinapokwenda. Kinachopotea ni picha yako ukiwa jukwaani, na kwa hilo sina machozi.

Ya tatu ndiyo nzito, nami siidharau: kijana wa bodaboda, mama wa viazi karai, mhudumu wa hoteli. Hawa hupata riziki wageni wakija. Mbio zikifutwa, nao wanakosa. Ni kweli. Kwa hiyo zisogezwe mbele. Zisogezwe mwezi, miezi miwili, hadi watu wamerudi majumbani na barabara zimefunguka. Wageni watakuja tena. Maiti hawarudi.

Tazama Valencia, Uhispania. Mafuriko ya tarehe 29 Oktoba 2024 yaliua zaidi ya watu 200 katika jimbo hilo. Marathoni ya mji ikafanyika tarehe 1 Desemba, mwezi mzima baadaye, na kijana wetu Sabastian Sawe akaishinda. Hata baada ya mwezi mzima, watu wa kule walibishana kama ni heshima kukimbia. Walibishana! Sisi hapa maji hayajakauka, na hakuna hata anayeuliza.

Sasa nawageukia wale watakaosema: sawa, tumekusikia, tumefuta. Msidhani mmemaliza. Kufuta peke yake ni nusu ya kazi, na nusu hiyo inaweza kuwa wizi mtupu.

Mbio zikifutwa, gharama zinashuka. Hakuna wa kulipwa kupiga muziki. Hakuna medali za kugawa. Ada za watu ziko benki, zimekaa kimya. Je, zitakwenda wapi? Kuvuja kwa pakacha, nafuu ya mchukuzi. Mbio zikifutwa bila hesabu, msiba wa watu umekuwa faida ya mwandaaji.

Jirani zetu wa Tanzania walionja uchungu huo. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ukubwa wa 5.9 liliutikisa mkoa wa Kagera. Watu walikufa, maelfu ya nyumba yakabomoka. Nchi ikachanga. Dar es Salaam kukafanyika matembezi ya hisani, na Rais mstaafu Ali Hassan Mwinyi, mzee wa watu, akayaongoza. Kabla mwezi haujaisha, maafisa wa huko Kagera walikuwa wameshatimuliwa kazini kwa kufungua akaunti nyingine yenye jina kama la akaunti ya maafa. Januari 2017 Rais John Magufuli akaenda Bukoba, mkoani humo, akawaambia watu kwamba serikali haitamjengea mtu nyumba, kila mmoja ajijengee, na fedha zilizochangwa zitatengeneza shule, hospitali na barabara.

Shule ni jambo jema. Hospitali ni jambo jema. Lakini yule aliyetembea juani Dar es Salaam alitembea akimfikiria bibi aliyelala chini ya mgomba Bukoba, nyumba yake imekuwa kifusi. Nani alimuuliza yule mtembeaji? Nani alimuuliza yule bibi? Hisani isiyoandikwa mapema inakwenda wapi, hugeuzwa njiani na mwenye nguvu.

Ndiyo maana sitaki ahadi. Nataka maandishi.

Na hapa ndipo nakugeukia wewe, ndugu yangu wa Bongwe, wa Gombato, wa Ukunda, wa Mwabungo. Wewe umelala. Tena usingizi wako ni wa kununuliwa kwa bei rahisi, fulana moja na soda. Wanapokuja na bango lao unakimbilia kuomba kazi ya kushika kamba. Unapigwa picha. Unaitwa jamii wenyeji. Hujauliza ada ni kiasi gani, hujauliza waliokusanya mwaka jana walikusanya ngapi, hujauliza zilikwenda wapi.

Baraza la chifu likiitishwa unasema una kazi. Mwakilishi wa wadi akipita unamwomba nauli. Mbio zinapita mlangoni kwako, kwa jina lako, kwa umaskini wako uliotangazwa kwenye mabango, na wewe unashangilia.

Unangoja nini? Unangoja maji yafike kwako? Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Leo ni Vanga. Kesho ni Ramisi. Keshokutwa ni hapa, pale tulipojaza nyumba kwenye njia za maji na kufukia mabwawa ili tupate viwanja. Siku hiyo utasimama juu ya meza ukiwa na mtoto begani, utasikia kipaza sauti kutoka ufukweni, na utauliza kwa nini hawanisikii. Watakusikiaje? Ulipokuwa mkavu hukusema.

Na usiniambie wewe ni mtu mdogo, huna la kufanya. Waliomgeuza meya wa New York hawakuwa na bunduki. Walikuwa na midomo, midomo tu, na waliitumia siku zile zile, si baada ya mwaka.

Sasa wenye mamlaka. Siendi Nairobi kulalamika, maana dawa iko Kwale. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imeipa kaunti kazi ya kukabiliana na maafa. Jedwali hilohilo limeipa kaunti kazi ya kusimamia burudani na shughuli za utamaduni za umma. Mnaona? Anayetakiwa kuokoa watu wa mafuriko na anayesimamia shughuli kama hizi ni serikali ileile ya kaunti. Mkono wa kulia unaruhusu sherehe, mkono wa kushoto unatafuta boti. Hawawezi kusema hawakujua.

Na sheria ya nchi ya kuchangisha fedha kutoka kwa umma ni ya mwaka 1960, kabla ya uhuru. Imezeeka, ndiyo, lakini maana yake ilieleweka hata na wakoloni: mtu asiwachangishe watu kisha aondoke bila kuhojiwa. Sisi tuliojitawala tunashindwa hata na hilo?

Ninachodai hakihitaji bajeti. Kinahitaji kalamu.

Kila kibali cha mbio za hisani katika kaunti hii kiandikwe sharti. Onyo kali la mvua au kimbunga likitolewa kwa Kwale, au mafuriko yakiwatoa watu majumbani popote ndani ya kaunti, mbio zisimame. Popote! Isiwe ufukweni pekee. Vanga ni Kwale. Kinango ni Kwale. Lunga Lunga ni Kwale.

Maji, mahema, jenereta, vyoo na ambulensi vilivyokodiwa vipelekwe kambini siku hiyohiyo. Isiwe wiki ijayo baada ya kikao. Siku hiyohiyo.

Ada za kujisajili zisirudi mfukoni mwa mwandaaji. Mkimbiaji aulizwe tangu siku ya kujisajili: maafa yakitokea, fedha yako irudi kwako, ibaki kwa waliokusudiwa, au iende kwa walioathirika? Aweke alama. Basi. Hakuna wa kumgeuzia nia yake njiani.

Hesabu isomwe hadharani, barazani, kwa Kiswahili, mbele ya watu ambao majina na shida zao zilitumika kuchangisha. Nani alitoa, kiasi gani, nani alipokea. Karatasi ibandikwe kwa chifu, na nyingine zahanati. Mtu asiye na la kuficha haogopi gundi.

Na sharti hilo lisiwe la maji pekee. Septemba 2021 Rais Uhuru Kenyatta aliutangaza ukame kuwa janga la taifa, na misimu mitano mfululizo mvua zilikosekana katika maeneo makavu. Kinango watu walitembea na madumu kutwa nzima. Ukame hauna sauti ya mto, haupigwi picha usiku, lakini unaua. Mbio zenye malori ya maji zikipita kwenye kaunti yenye kiu, malori hayo yajue pa kwenda kwanza.

Hayo tu. Nani atasema ni makubwa? Mwandaaji mwenye nia safi atasaini kabla hajamaliza kusoma. Atakayepinga, ametuonyesha mapema alikuwa akimkimbilia nani.

Msiniite adui wa mbio. Kenya ni nchi ya wakimbiaji, na fedha za mbio zimejenga wadi na kutibu macho na mioyo ya watoto. Kwa sababu hiyohiyo nakasirika. Kitu kizuri kikichafuliwa, uchafu wake unaonekana zaidi. Mkimbiaji akipita mbele ya mtu aliyepoteza kila kitu, amevaa neno hisani kifuani, asisimame hata kumtazama, lile neno limekufa. Mwaka ujao ukimwomba yule mtu achangie, atakucheka. Ukimwomba mwanawe ajitolee, atakataa. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa imani ya watu haujengwi kwa saruji.

Masika hayaombi ruhusa. Yatakuja. Mafuriko yaliyokuja 2023 na 2024 hayakuwa ya mwisho, na kila mwenye macho anaona bahari na anga vimebadilika. Tuna miezi ya kiangazi ya kuandika sharti moja kwenye karatasi moja. Tukiipoteza, tusilaumu wingu.

Kwa hiyo, ndugu yangu, amka. Wakikuletea fomu ya kujisajili, kabla hujatoa hata shilingi, uliza: mafuriko yakija, fedha hii inakwenda kwa nani, na imeandikwa wapi? Mwulize mwandaaji. Mwulize mdhamini. Mwulize mwakilishi wa wadi, na safari hii usimwombe nauli. Gavana akija kupiga picha kwenye mstari wa kuanzia, mwulize naye mbele ya kamera.

Wakikosa jibu, rudisha fomu. Usikimbie. Usishike kamba. Usipokee fulana. Usipige kofi hata moja. Mbio zisizojua kusimama watu wanapozama, zikimbiwe na wenyewe, kwenye barabara tupu.